Utando Kati ya Vioo Viwili

Mwalimu hakuweza kupita mbele ya mlango unaolia bila kusimama. Alikuwa na kichupa kidogo cha plastiki, kilichokuwa na dawa ya macho hapo zamani, ambacho alikiosha na kukijaza mafuta ya cherehani. Popote alipokwenda, iwe sokoni, msibani au kumwangalia mgonjwa, kichupa hicho kilikuwa mfukoni mwa kanzu. Akisikia bawaba inalalamika husimama, akaufungua mlango na kuufunga taratibu huku ameinamisha sikio, kisha akatia tone moja. Ruhusa hakuomba. Mwenye nyumba akitoka kuuliza nani anachezea geti lake, Mwalimu alimjibu bila hata salamu:

"Kelele hii ni nguvu yako inapotea. Na wewe umekaa ndani unaisikiliza kama redio."

Kisha akaenda zake. Mtaa wetu hapa Bagamoyo ulikuwa na milango iliyo kimya kuliko mitaa yote, na watu walimtania kwamba anawafanyia kazi wezi.

Alikuwa amefundisha Fizikia sekondari mpaka akastaafu. Mimi sikukaa darasani kwake hata siku moja. Tulikuwa majirani, ukuta wetu unagusana na wa kwao, na nilimjua kwa kupitia barazani pake. Kidato cha nne nilipata F ya Fizikia. Baada ya hapo nikapata kazi Msata, kwenye duka la oili na vipuri vya malori pale njia panda, na mwisho wa wiki narudi nyumbani Bagamoyo. Fizikia nimejifundisha mwenyewe kwa simu, dukani, wateja wanapokuwa hawapo. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya msomi. Mimi ni mtu anayefunga kufuli, akaenda hatua chache, akarudi kulivuta tena. Aya ya kwanza hapo juu nimeiandika na kuifuta mpaka mama akaniuliza kama nimekuwa mwandishi wa hati za mahakama.

Tulianza hivi. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwetu nasoma kwenye simu, midomo inacheza. Akasimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Unasoma nini?"

"Msuguano, Mwalimu."

"Soma nisikie."

Nikasoma kwa Kiingereza, aya nzima, nikijitahidi kutamka vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma safi kama kasuku. Sasa niambie kwa Kiswahili."

Sikuweza.

"Basi hujasoma," akasema, akaendelea na safari yake.

Toka siku ile nilikuwa nikipita barazani kwake kila nikirudi kutoka Msata, na sharti lake lilikuwa hilo hilo: jambo ambalo siwezi kulisema kwa Kiswahili cha nyumbani, silijui. Lilinisaidia sana sharti hilo, siwezi kulikana. Lakini madereva waliosoma kwake, ambao wengine hupita dukani kujaza oili, waliniambia kwamba darasani aliyethubutu kuongea Kiswahili alichapwa. Nilipomuuliza, hakuona haya.

"Pale nililipwa," alisema.

Dereva mmoja, mtu mzima mwenye tumbo lake, alimkumbuka nilipomtaja akaanza kucheka peke yake. "Yule mzee? Aliniambia kichwa changu kina msuguano mkubwa, kitu hakiingii. Mbele ya wasichana! Nikaacha sayansi siku hiyo hiyo." Halafu, huku anahesabu makopo yake ya oili, akanisomea kanuni ya msuguano neno kwa neno, bila kukosea. Sijui hilo nilihesabu vipi. Alimvunja mtu, na kanuni aliyomvunjia ikabaki imekaa sawasawa ndani.

Namna alivyoeleza mafuta sijaisikia kwa mwingine. Alikuwa anakwambia usugue viganja vikavu mpaka vipate moto. Kisha anatia tone la mafuta katikati, unasugua tena. "Unaona? Amekuja mgeni, amekaa kati. Viganja sasa havigusani, kila kimoja kinamgusa mgeni. Na mgeni huyu hana ubishi, ukimsukuma anakwenda." Watoto wa mtaa walipenda mchezo huo wa mgeni. Mimi pia niliupenda, na ndiyo maana baadaye niliumia.

Maneno mengine aliyoyarudia ni haya: "Usiniambie umeona. Nionyeshe." Aliyasema kwa kila mtu. Jirani akidai bei ya sukari imepanda, nionyeshe. Mkewe akisema paa linavuja, nionyeshe, na anapanda kweli kwenye ngazi kwenda kuangalia, halafu akishaliona tundu anashuka na kulisahau.

Mkewe tulimwita Mama, mtaa mzima. Alishona nguo za shule kwa cherehani ya miguu iliyokuwa inakwenda laini mno, kwa sababu mumewe aliihudumia kama mtu na ng'ombe wake wa maziwa. Siku moja nimekaa naye uani tunachambua mchele, Mwalimu akapita na kichupa chake kwenda kutia tone mlango wa jikoni, akarudi, hakusema na yeyote. Mama akamsindikiza kwa macho.

"Milango yote anaisikia, mwanangu. Mimi nimekaa naye umri wote huu, sijajua nilie vipi ndiyo anisikie."

Akacheka. Mimi sikucheka, nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Dukani, madereva walikuwa na malalamiko yao kwamba gari likisimama muda mrefu, asubuhi ya kuliwasha linakuwa zito, kana kwamba oili imeacha kazi. Nilitaka kuelewa. Fundi wa madirisha ya aluminiamu aliye jirani na duka alinipa vipande viwili vya kioo, mabaki. Nikavileta nyumbani. Nilitia tone la mafuta ya nazi juu ya kimoja, nikalaza kingine juu yake, na cha juu kiliteleza kwa kuguswa tu na kidole, kama Mwalimu alivyosema. Mgeni hana ubishi.

Halafu nikaweka mifuko ya sukari juu ya vioo, nikaiacha tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mafuta mengi yalijikamua pembeni, nikayaona yamezunguka kingo. Kati ukabaki utando mwembamba, mng'ao tu. Nikafunga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kioo cha juu, nikavuta. Kioo hakikwenda. Mpira ukarefuka, ukarefuka, kioo kimekaa. Ghafla kikaruka, kikasimama. Mpira ukarefuka tena, kikaruka tena. Kilikwenda kwa kushika na kuachia, kushika na kuachia, kama mtu anayechechemea. Na kadiri nilivyokiacha kitulie kabla ya kuvuta, ndivyo kilivyozidi ukaidi.

Nilirudia wiki nyingi. Nikatafuta kwenye simu, nikaelewa polepole kwamba wako watu wanaolichunguza jambo hili kwa vyombo ambavyo sitavigusa maishani. Walichosema, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni hiki: mafuta yakiwa mengi, chembe zake hupishana zinavyotaka, ndiyo maana yanateleza. Yakibanwa mpaka yakabaki safu chache tu za chembe kati ya vitu viwili vigumu, chembe hukosa nafasi ya kupishana. Zinajipanga mistari kama watu kwenye swala, na utando ule, ambao bado ni mafuta, unashika kama kitu kigumu. Ukivutwa vya kutosha safu zinavurugika, unateleza. Ukitulia, zinajipanga upya, unashika. Mgeni akibanwa sana anakuwa mbishi.

Sikuwa na njia ya kujua unene wa utando wangu. Huenda ulikuwa mnene mara nyingi kuliko ule wa kwenye vyombo vyao. Ndiyo sababu nilimhitaji Mwalimu. Nilikuwa nimejiandikisha kurudia mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kila usiku nilijiambia kwamba mtu wa F kama mimi anajidanganya, kwamba hakuna nilichokiona. Nilitaka mtu mmoja anayejua avute ule mpira, aniambie niko sawa au nimekosea. Lolote kati ya hayo mawili lingenitosha.

Nikaenda baada ya swala ya alasiri. Nimebeba sinia, vioo na chupa ya mafuta juu yake, nimefunika kwa kanga. Barazani alikuwepo Mwalimu na wazee wenzake, mmoja wao jirani aliyestaafu forodha, mtu wa maskhara.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia.

"Umetuletea nini, maandazi?" akauliza yule wa forodha.

"Vioo." Nikamgeukia Mwalimu. "Nimeona jambo kwenye mafuta, Mwalimu. Yakiwa membamba sana, yanashika."

"Mafuta hayashiki," akasema. "Yangeshika yasingekuwa mafuta."

"Yanashika, halafu yanaachia kwa ghafla. Nimekuja kukuonyesha."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

Alikuwa mtu asiyecheka ovyo, lakini siku ile alicheka, na wenzake wakapata ruhusa.

"Ya nazi! Mafuta ya nazi yanaganda, binti. Hata bibi yako, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kuona ubao, alijua kuyaanika juani kabla ya kujipaka."

"Yanaganda Julai, Mwalimu, wakati wa baridi. Huu ni Januari. Chupa hii hapa, tazama, ni kama maji."

Hakutazama chupa. Nilikuwa nimeishika mbele yake, akaangalia barabarani.

"Binti," yule wa forodha akasema, "hayo rudi nayo nyumbani ukakaangie samaki, utuletee na sisi." Wakaangua kicheko.

Nikamnyooshea Mwalimu ule mpira. "Vuta mara moja tu. Ukisema nimekosea, naondoka."

Akautazama mpira kama mtu aliyenyooshewa kitu kichafu.

"Kwanza faulu Fizikia," akasema. "Ukishafaulu, njoo tuzungumze."

Pale mtaani ni yeye peke yake aliyejua ile F. Nyumbani nilikuwa nimesema nilipata D. Nilimwambia yeye kwa sababu nilidhani daktari lazima aone kidonda. Nikafunika vioo, nikaondoka.

Siku ya mtihani wa vitendo ilipofika nilipanda basi kwenda Msata, nikafungua duka. Nikauza oili mpaka jioni, mtihani sikuufanya. Watu wazima wanaojua habari hii huniambia kwamba mtu hapaswi kumtupia mwenzake lawama kwa uamuzi wake mwenyewe. Mimi namlaumu. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, na kwenye maandishi yangu sitajifanya mwema kuliko nilivyo. Aliwaambia watu wote wamwonyeshe. Mimi niliyekwenda kumwonyesha, alikataa kugeuza macho.

Nimejiuliza sana kwa nini. Pengine ni wale wazee: mtu aliyesema jambo moja kwa sauti kubwa miaka yote hawezi kukubali libadilishwe na muuza oili, tena binti, mbele ya watu anaokunywa nao kahawa. Pengine aliogopa nisije nikawa sahihi. Pengine hakufikiri lolote, alitaka tu kuendelea na mazungumzo yao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilifikiria.

Baada ya hapo tulisalimiana tu. Shikamoo, marahaba, basi. Geti letu liliendelea kutiwa mafuta. Nilikuwa naikuta bawaba inang'aa, ina alama ya kidole chake, na hasira inanipanda, nachukua kitambaa nafuta. Likianza kulia, kesho yake nakuta tone lingine.

Kisha magoti yakamshinda. Alianza na fimbo, akaishia kukaa ndani. Walimpeleka hospitali Dar, na Mama aliporudi alinisimulia kwa uchungu wa mtu aliyezoea.

"Daktari kijana wa watu kamwambia mafuta ya goti yamekwisha, mifupa inasagana. Lo! Mzee kaanza kumfundisha. 'Goti halina mafuta, ni majimaji, tena hayafanyi kazi kama unavyodhani.' Muda wote tuliopewa na daktari kautumia kumsahihisha. Tumetoka hata dawa hatujaelezwa inamezwa vipi."

"Daktari alisemaje?"

"Angesema nini? Kamwitikia ndiyo mzee, kaita mgonjwa mwingine."

Mwaka jana Mama aliniita ng'ambo ya ukuta nimsaidie kumhamisha Mwalimu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, maana kijana anayemsaidia alikuwa amesafiri. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa ajili yake yeye Mama. Alinionya mlangoni: "Watu anawasahau. Ubishi ndio haujamtoka."

Tulimweka kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Akanitazama kwa muda.

"Wewe wa darasa gani?"

"Sikusoma kwako, Mwalimu. Mimi wa hapo jirani."

"Unafanya kazi wapi?"

"Msata. Nauza oili."

Akakaza macho kidogo. "Oili inafanya nini?"

Aliuliza kama anauliza mbele ya ubao, na mimi, mtu mzima, nikasimama wima. Nilikuwa nimelitayarisha jibu hilo miaka mingi bila mtu wa kumpa. Nikamwambia yote. Nikaanza na mafuta yakiwa mengi, nikaja kwenye kubanwa, chembe zinavyojipanga safu, kushika na kuachia, vioo, mpira, sukari, Januari. Sikutumia hata neno moja la Kiingereza. Alinisikiliza amefumba macho, kichwa kinatikisika kidogo kukubali, mahali pote panapostahili.

Nilipomaliza akamgeukia mkewe.

"Unaona? Haya niliwafundisha mimi. Shule nyingine walikuwa hawana habari."

Uso wa Mama ukafunguka. Nadhani ilikuwa siku nyingi hajamsikia akisema jambo refu namna ile. "Kumbe alikufundisha mambo makubwa hivi, mwanangu? Na hukuwahi kuniambia!"

Ningeweza kusema ndiyo. Isingenigharimu chochote.

"Hapana, Mama," nikasema. "Nilimletea barazani nimwonyeshe. Akakataa kuangalia, akanicheka mbele ya watu, akatangaza nilifeli."

Mama akashika upindo wa kanga yake. "Mwanangu. Huyu mgonjwa."

"Najua, Mama."

Na nilijua. Nilijua wakati nasema, nikasema vilevile.

Mwalimu alikuwa bado amefumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Uliviosha kwa kitu gani?"

"Nini, Mwalimu?"

"Vioo. Kabla ya kutia mafuta. Uliviosha kwa kitu gani?"

"Sabuni ya mche."

"Ukavisuuza?"

"Nikavisuuza."

"Ukavifuta?"

"Kwa kanga safi."

Akafumbua macho. Yalikuwa macho yake ya zamani, yale ambayo madereva bado wanayaogopa. "Sabuni ya mche haiondoki kwenye kioo kwa kusuuza. Inabaki, huioni. Kila ukiosha unaongeza. Sasa ulipima mafuta, au ulipima sabuni?"

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi. Mimi niliviosha vioo vile kila mara kabla ya kurudia. Niliviosha kuliko mtu mwingine yeyote angeviosha, kwa sababu ndivyo nilivyo, na niliona fahari kwa usafi wangu. Sikuwahi kujiuliza.

Swali lile lingemchukua muda mfupi pale barazani. Ningekwenda nyumbani, nikavisafisha kwa spiriti, nikarudia kesho yake, nikajua. Kama ilikuwa sabuni, ningetafuta kingine. Kama yalikuwa mafuta, ningeingia kwenye ule mtihani nimenyoosha mgongo. Ama alikuwa nalo siku ile akaninyima, ama amelipata sasa hivi, kwa kuwa nimemuaibisha mbele ya mkewe, akanirushia. Sijui ni lipi, na yeye mwenyewe sidhani anajua.

"Kasema nini?" Mama akauliza. Alikuwa akitutazama kwa zamu.

"Kaniuliza swali."

"Basi si umjibu, akalale."

"Sina jibu, Mama."

Mwalimu akarudisha kichwa kwenye kiti. Nikamuaga. Mama alinisindikiza mpaka nje, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia karibu tena.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi la Msata. Nilikuwa bado sijapanga makopo vizuri aliposimama dereva wa lori, akachukua kopo moja, akaligeuza kusoma nyuma.

"Dada, hii ikibaki kidogo kwenye injini inalinda kweli, au ndiyo inashika?"

Nimelijibu swali hilo kwa madereva wengi sana, kwa kujiamini, na wengine hurudi kunishukuru.

"Sijui," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namfanyia mzaha, akasubiri nianze kueleza.